Saundi kadi inazima nikiwasha 48V kwenye simu, tatizo nini?

besi_wa_kwaya
Wakuu habari za majukumu. Nina saundi kadi ndogo ya USB, ile ya maiki mbili, haina tundu la chaja, inakula umeme kwenye waya huohuo wa USB. Kwenye laptopu ilikuwa inapiga kazi fresh ila laptopu imekufa na kwaya tuna nyimbo za kurekodi kabla ya Pasaka, nikaona bora nitumie simu. Simu ni Android ya Type-C, nikanunua OTG (kile kiunganishi cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu) mtaani, nikichomeka taa ya kijani inawaka na maiki ya kawaida ya kuimbia inasikika vizuri tu. Shida inaanza nikibonyeza kitufe cha 48V ili ile maiki ya kondensa ifanye kazi, saundi kadi inazima inawaka inazima tena, na programu ya kurekodi inarudi kwenye maiki ya simu bila hata kunishtua, jana tumeimba wimbo mzima kumbe inarekodi maiki ya simu iliyokuwa mezani imelala kifudifudi. Sasa OTG ni feki, simu haina nguvu au saundi kadi ndo inaaga? Sitaki kununua kitu bure.

fundi_mixa
OTG yako nzima mkuu, ingekuwa mbovu hata hiyo maiki ya kuimbia usingeisikia. Hapo umeme hautoshi, basi. Maiki ya dainamiki, kama hiyo yako ya kuimbia, haiombi umeme wowote, kondensa inaomba volti 48, na simu inatoa volti 5, kwa hiyo ndani ya saundi kadi kuna saketi inayopandisha 5 kuwa 48 na huko kupandisha kunakula. Kwa viwango vyake maiki moja inaruhusiwa kuvuta mpaka miliampia 10 kwenye hizo 48, karibu nusu wati, ukiwasha mbili inakaribia wati nzima, bado ule unaopotea kama joto. Tundu la USB 2.0 la laptopu linatoa miliampia 500 kwa volti 5, yaani wati 2.5 zote jumla, na saundi kadi yenyewe kabla ya maiki imeshakula fungu lake humo humo. Simu nyingi zinabana kuliko laptopu ili betri isiumie, ukivuta kupita kiasi zinakata, kadi ikizima mzigo unapungua simu inarudisha, ndo hiyo waka zima unayoiona.

Dawa ni habu ya USB (kile kigawanyo cha matundu ya USB) yenye chaja yake, ile yenye kitundu cha duara pembeni. OTG kwenye simu, habu kwenye OTG, saundi kadi kwenye habu, habu kwenye umeme. Simu inabaki kupitisha data tu. Washa habu kwanza, ndo uchomeke simu, 48V iwe ya mwisho na gaini (kile kizungushio cha kuongeza sauti ya maiki) iwe chini kabisa maana ule mlio wa kuwasha ukimkuta mtu kavaa hedifoni atakuchukia mpaka Pasaka ya mwakani.

mama_podikasti
Naongezea kwa wenye iPhone maana watakuja kuuliza tu. Zile za Lightning (tundu la Apple la kabla ya Type-C) zinataka adapta ya kamera ya Apple yenye matundu mawili, la USB na la Lightning, kwenye la Lightning unachomeka chaja. Ukitumia ile yenye tundu moja unaletewa ujumbe kwamba kifaa kinatumia umeme mwingi, mchezo umeisha. Kuanzia iPhone 15 ya 2023 wameweka Type-C na inatoa mpaka wati 4.5, saundi kadi nyingi ndogo unachomeka moja kwa moja hata na 48V.

kijana_wa_gongo
Mbona mnamzungusha, anunue habu ndogo za Type-C zenye tundu la kuchajia, anachaji simu na anarekodi hapohapo. Kazi kwisha

fundi_mixa
@kijana_wa_gongo zile zinategemea simu. Kuna simu ikiwa kwenye OTG haikubali kuchajiwa, na nyingine ukichomeka chaja inageuka inajiona yenyewe ndo kifaa cha kuchajiwa, saundi kadi inapotea. Kama muuzaji anakuruhusu ujaribu na simu yako palepale dukani sawa, kama hakuruhusu hiyo ni bahati nasibu.

besi_wa_kwaya
Nashukuru sana wakuu. Nimejaribu na habu ya jirani, 48V imewaka na haijazima. Ila mambo mawili, la kwanza kuna mvumo mmm kwa chini ambao haukuwepo, la pili umeme wa hapa kanisani unakatika saa yoyote.

mama_podikasti
Yote mawili jibu lake pawabenki. Huo mvumo mara nyingi ni chaja ya bei chee inapitisha kelele za umeme wa ukutani, chomoa uweke pawabenki usikilize, ukipotea umeshamjua mchawi. Ila angalia habu inataka volti ngapi, ikiwa ni ya volti 5 waya wa USB wenye kichwa cha duara unatosha, ikiwa ni ya volti 12 usilazimishe. Na kuna pawabenki zinajizima zikiona mzigo mdogo, ijaribu nyumbani kwanza, usiende kuijulia mbele ya kwaya. Simu iweke kwenye hali ya ndege (airplane mode), la sivyo ikiita tu utasikia didididi kwenye wimbo.

fundi_mixa
Na siku ukibadilisha saundi kadi chukua yenye tundu lake la umeme, kwa mfano Steinberg UR22mkII ina tundu la volti 5 na swichi ya kuchagua umeme utoke wapi, hapo hata habu huihitaji. Halafu wenye Oppo, Realme na Vivo, OTG inawashwa kwenye mipangilio na usipoitumia kama dakika 10 inajizima yenyewe, kwa hiyo mkienda kunywa chai mkirudi iangalie kabla ya kurekodi.

besi_wa_kwaya
Mvumo umeisha na pawabenki! Sasa anayeimba akijisikia kwenye hedifoni sauti yake inachelewa, anaboeka anatoka kwenye mdundo. Hiyo nayo umeme?

fundi_mixa
Hapana, hiyo ni safari ya sauti, inaenda mpaka kwenye simu ndo irudi, na Android kwa hilo ni nzito. Kwenye saundi kadi tafuta kitufe kimeandikwa DIRECT au kizungushio cha MIX, hedifoni ichomekwe kwenye kadi sio kwenye simu, halafu ndani ya programu zima monita (ile inayorudisha sauti yako kwenye hedifoni). Atajisikia palepale.