Naomba ushauri: kupiga muziki wa baroko gizani, chini ya picha za nyota

Wandugu, salamu kutoka Bukavu. Kikundi chetu (fidla nne, selo moja na kinanda) kinatayarisha tamasha katika ukumbi wa parokia: muziki wa baroko (wa Ulaya, wa kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi), na ukutani picha za sayari. Tunaanza na Galileo, mwanaanga wa Italia aliyeona miezi minne ya Jupita mwaka 1610. Baba yake, Vincenzo, alikuwa mpiga luti, ala ya nyuzi inayofanana na gitaa! Kwangu hapo ndipo muziki na nyota vinapokutana, na sitaki watu wapapite bila kuhisi.

Shida ni mwanga. Picha zinataka giza, wapigaji wanataka kuona nota. Tulifunga tochi ndogo kwenye vishikio vya nota, pete za Zohali zikapotea ukutani. Tukazifunika tochi kwa karatasi nyekundu. Ilikuwa afadhali, ila alama zote tulizoandika kwa kalamu nyekundu hazikuonekana tena. Kukariri tumejaribu: vipande vya polepole vinawezekana, alegro (kipande cha kasi) ya Vivaldi bado inatushinda, na zimebaki wiki tano.

Mliowahi kupiga gizani, mlitumia taa gani, na mliiweka wapi? Na msimulizi aseme muziki ukiendelea, au tunyamaze kwanza? Natanguliza shukrani.