Mjadala: Kadeti achaguliwe kwa alama, kwa uteuzi wa mwanasiasa, au kwa kutazamwa akiwa kazini na wenzake?

Ndugu wachangiaji,

Chuo cha kijeshi kinapopokea maombi mengi kuliko nafasi zilizopo, kitumie kipimo gani kumtambua kijana anayefaa kukabidhiwa maisha ya askari wenzake? Nauweka msimamo wangu wazi tangu mwanzo, ili atakayeupinga ajue pa kuanzia. Naamini mwombaji anapaswa kutazamwa kwa siku kadhaa akifanya kazi pamoja na waombaji wengine, mbele ya watu waliofunzwa kutazama. Alama za mtihani zimfikishe kwenye mchujo huo, lakini zisiwe ndizo zinazoamua. Na mwanasiasa asiwe na neno lolote katika jambo hili.

Nianze na West Point, chuo cha jeshi la nchi kavu la Marekani kilichoanzishwa mwaka 1802, kwa sababu utaratibu wake unajulikana na unaigwa. Kwa miaka mingi chuo hicho kimekuwa kikimpa kila mwombaji alama moja ya jumla, ambamo masomo huchukua asilimia 60, uongozi asilimia 30 na utimamu wa mwili asilimia 10. Kwa maandishi, mgawanyo huo unaonekana wa busara. Tatizo ni kwamba uongozi wenyewe hupimwa kwa karatasi: mwombaji aliwahi kuwa nahodha wa timu, alishika wadhifa gani katika chama cha wanafunzi, na walimu wake wameandika nini juu yake. Jaribio la mwili ndilo pekee ambalo mtu anaonekana akitenda. Katika jaribio lililotumika kwa muda mrefu, mwombaji hupiga magoti na kurusha mpira wa kikapu kadiri ya nguvu zake, kisha hujivuta kwenye chuma, hukimbia kwenda na kurudi, hufanya zoezi la tumbo na pushapu, na kumaliza kwa mbio za maili moja. Hayo yote huyafanya kwa ajili yake mwenyewe, bila kumtegemea mtu wala kutegemewa.

Mwaka 2004 mwanasaikolojia Angela Duckworth aliwapa kadeti zaidi ya 1,200 waliokuwa wanaanza West Point dodoso fupi linalouliza juu ya ustahimilivu, yaani mtu anavyong'ang'ania lengo lake hata mambo yanapokuwa magumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba dodoso hilo lilitabiri vizuri zaidi nani angevumilia mafunzo makali ya kiangazi cha kwanza kuliko ile alama ya jumla iliyokusanywa kwa kazi kubwa. Haki inanilazimu kuongeza kwamba alama ya jumla ndiyo iliyotabiri vizuri zaidi matokeo ya darasani. Kwa hiyo sisemi kwamba masomo hayana maana, kwani afisa asiyeweza kusoma ramani au kukokotoa umbali ni hatari kwa kikosi chake. Ninachosema ni kwamba kufaulu darasani na kustahimili ni mambo mawili, na kipimo kimoja hakiwezi kusimama badala ya kingine.

Uingereza ilijifunza somo hili vitani. Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, maafisa wengi walichaguliwa kwa mahojiano mafupi ambayo yaligusa sana shule na familia ya mtu, na idadi ya walioshindwa mafunzo ikawa kubwa kiasi cha kulitia jeshi wasiwasi. Mwaka 1942 zikaundwa bodi mpya zilizokaa na waombaji kwa siku kadhaa, na urithi wake unaonekana hadi leo katika bodi ya Westbury inayowachuja wanaotaka kwenda Sandhurst, chuo cha maafisa wa jeshi la Uingereza. Moja ya mazoezi yake ya asili ni kundi lisilopewa kiongozi. Waombaji wachache hupewa mbao, kamba na pipa, wakaambiwa wavuke eneo ambalo hawaruhusiwi kulikanyaga, kisha msimamizi hurudi nyuma na kunyamaza. Atakayepaza sauti kwanza huonekana kiongozi kwa muda, mpaka ubao unapokuwa mfupi na mpango wake kukwama. Hapo ndipo jicho lililofunzwa humwona yule aliyekuwa ameshika kamba kimya, anayependekeza njia nyingine bila kumdhalilisha mwenzake, na wenzake wakaifuata. Ni cheti gani cha shule kinachoweza kuandika jambo hilo?

India nayo imeweka uzito wake kwenye mizani hii. Anayeomba kuingia chuo cha kijeshi cha Khadakwasla hufanya mtihani wa maandishi wenye alama 900, na akifaulu huenda kwenye bodi ya siku tano yenye alama nyingine 900. Mwanasaikolojia, msaili na msimamizi wa mazoezi ya kundi humpima kila mmoja kwa njia yake, na siku ya mwisho huketi pamoja kulinganisha walichokiona. Kutengana huko kwa wapimaji nakuthamini sana, kwa sababu upendeleo wa mpimaji mmoja hauna budi kukutana na macho ya wawili wengine.

Wapo watakaosema kwamba bodi za aina hii hufundishika, na ni kweli, maana India kuna vituo vingi vya kulipia vinavyowaandaa vijana kwa ajili yake. Lakini mitihani ya darasani hufundishika zaidi, na kujifunza kujibu swali ni rahisi kuliko kujifanya mtu mwingine kwa siku tano mfululizo mbele ya wenzako waliochoka.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaotetea uteuzi. Kwa sheria ya Marekani, waombaji wengi wa West Point huhitaji kupendekezwa na mjumbe wa Bunge lao, na watetezi husema kwamba hilo huhakikisha kila jimbo lina vijana wake katika maafisa. Lengo ni jema na ninaliunga mkono, ila halihitaji mkono wa mwanasiasa, kwa kuwa sheria inaweza kugawa nafasi kwa majimbo na bodi ikachagua ndani ya kila mgao. Chuo cha walinzi wa pwani cha nchi hiyohiyo hakidai pendekezo lolote la aina hiyo. Mwaka 1839 mjumbe aliyempendekeza Ulysses Grant kuingia West Point alikosea hata jina lake, na kosa hilo likabaki naye hadi alipokuwa rais. Kisa kimoja si ushahidi wa kutosha, lakini kinaonyesha jinsi pendekezo linavyoweza kuandikwa na mtu asiyemfahamu anayempendekeza.

Linalonisumbua katika msimamo wangu mwenyewe ni hatima ya wanaokataliwa. Katika hatua ya awali ya Westbury, mwombaji huambiwa kama yuko tayari kwa bodi kuu au anahitaji muda kwanza. Kwingineko, namba za waliopendekezwa husomwa, na waliobaki hufunga mizigo yao. Bodi inayohukumu tabia ya kijana wa miaka 18 kwa siku tano ina wajibu gani wa kumweleza ilichokiona, na je, maelezo hayo yakitolewa kwa wote, bodi itaendelea kuwaona watu jinsi walivyo au itaanza kuona majibu yaliyokaririwa? Hapo ndipo naomba mchango wenu kwanza.