Mjadala: Filamu za vita za zamani zikatwe sehemu za aibu, au zionyeshwe zilivyo?

Wadau, kila zinapotajwa filamu za muziki na vichekesho zilizotengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, watu hugawanyika. Wapo wanaotaka sehemu zinazowadhalilisha watu weusi ziondolewe kabla vijana hawajaziona. Wapo wanaosema ziachwe, ndivyo zama zile zilivyokuwa. Mimi nasema zisikatwe hata sekunde moja, ila sababu yangu si hiyo ya zama.

Chukueni This Is the Army ya mwaka 1943, nyimbo za Irving Berlin, mwongozaji Michael Curtiz. Askari wanaandaa onyesho la jukwaani, na katikati yake kuna mapenzi: binti anataka ndoa, mchumba wake mwanajeshi anakataa kwa kuhofia kumwacha mjane. (Mchumba huyo ni Ronald Reagan, aliyekuja kuwa rais.) Mwishoni wanaoana, nami machozi hunilenga kila mara. Mapato yalikwenda kwenye mfuko wa kuwasaidia wanajeshi na familia zao.

Humohumo, askari weupe wanajipaka weusi usoni na kucheza wakijifanya watu weusi. Na humohumo tena, askari weusi wenyewe wanapanda jukwaani na kucheza kwa ustadi mkubwa, bingwa wa ndondi Joe Louis akiwa nao. Kikosi hicho cha maonyesho cha mtunzi Irving Berlin kilichanganya weusi na weupe wakati jeshi lenyewe liliwatenga. Rais Truman alitia saini amri ya kuondoa ubaguzi huo mwaka 1948. Sasa niambieni, mkasi upite wapi? Mkiondoa yale masizi, mnabaki na Berlin aliyetakata, na huyo hakuwepo. Aliyekuwepo alifanya yote mawili.

Tena mkasi huu una historia. Mwaka huohuo wa 1943 studio ya MGM ilitoa filamu ya Thousands Cheer, hadithi ya askari, Gene Kelly, anayempenda binti wa kanali. Mwimbaji mweusi Lena Horne anaimba humo, anaimba hasa, lakini yuko peke yake, hana nafasi katika kisa. Ndivyo MGM ilivyozoea kumtumia, ili majumba ya sinema ya Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi mkali, yaweze kuondoa kipande chake na watazamaji wasigundue pengo. Mwanamke mweusi alikatwa ili mzungu asikereke. Leo tukikata ubaya wa mzungu, tunamfichia nani aibu?

Kwa wanaosema "ndivyo zama zilivyokuwa": si kweli kwamba hakuna aliyelalamika. Mwaka 1942 Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi Marekani, alikwenda Hollywood kuwadai wakuu wa studio wawape weusi nafasi za heshima. Walijua.

Hoja inayonisumbua kweli ni ya mtoto. Mtoto mweusi wa miaka kumi, aliyezoea kucheka na familia yake mbele ya skrini, ghafla anaona watu wanamcheka yeye. Hilo linauma, na maandishi mawili ya onyo mwanzoni hayatoshi. Mtu mzima akae naye, amweleze kabla, asimamishe filamu akiulizwa.

Walimu na wazazi mliomo humu, mngeionyesha nzima? Kwa watoto wa umri gani, na mngewaambia nini kwanza?