Nimepata cheti cha bastola, nyumbani nina watoto: niiweke vipi?

MwenyeDuka_MLD

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Tusibishane kama raia awe na silaha au asiwe nayo, hilo nimeshalimaliza na bodi ya leseni za silaha na pia na watu wa nyumbani.

Nafanya biashara ya jumla mjini Malindi na naishi nje kidogo, upande wa Muyeye. Jirani yangu alivunjiwa mlango usiku akakatwa panga mkononi, ndipo nikaomba cheti. Nimepitia uchunguzi wote, nimefundishwa, na sasa bastola ya milimita tisa iko nyumbani. Kwenye uwanja wa shabaha sina neno. Shida ni nyumba yenyewe. Nina kijana wa kidato cha tatu, binti mdogo ambaye hakuna kabati asilolifungua, na mama mkwe anayeamka usiku wa manane kuswali.

Usiku niiweke wapi? Risasi iwe kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapokaa tayari kupigwa, au chemba iwe tupu? Na mke wangu nimfundishe aitumie nisipokuwepo, maana mara nyingi nalala Mombasa kufuata mzigo?

Rafiki yangu mmoja ananiambia ilale chini ya mto, imejaa, kwani mwizi hakusubiri ufungue sefu. Mke wangu naye amesema ikilala chini ya mto, yeye analala chumba cha watoto.

Baharia_Mtulivu

Mwenye akili katika hadithi hii ni mkeo.

AskariMstaafu

Wa alaikum salaam. Nianze na chemba, maana hapo ndipo watu wanapouana bila kukusudia.

Bastola ya magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, ukiichomoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia chemba haitoki nayo. Inabaki pale pale, na triga ikivutwa bastola inalia. Mtu anachomoa magazini, anaiona mkononi, moyo unatulia, anamwonyesha shemeji "haina kitu hii". Basi. Utaratibu ni huu: elekeza mtutu pasipo na mtu, toa magazini uiweke kando, kisha vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, nyuma mara kadhaa, iache ikiwa wazi, tazama ndani ya chemba, halafu papasa kwa kidole kidogo kwa sababu usiku macho hudanganya. Ukianza na slaidi magazini ingali ndani, umetoa risasi moja na kupakia nyingine palepale. Nimeona watu wazima, wenye sare, wakifanya hivyo.

Mengine ulishaambiwa na mkufunzi: kila unapoishika ihesabu ina risasi; mtutu usielekee usichotaka kukiharibu, na kiganja chako kimo; kidole kikae ubavuni mwa bastola, nje ya duara la triga, mpaka umeshaamua kupiga; na ujue unapiga nini na nyuma yake kuna nini. Ukisahau kanuni moja, zilizobaki hukuokoa. Ajali kwa kawaida inataka zivunjwe mbili kwa pamoja.

Kwa mwenye watoto, jibu langu ni sefu ndogo ya namba, imefungwa kwa bolti ukutani chumbani kwako, magazini imejaa na chemba tupu. Ukitoka nayo kiunoni ni mjadala mwingine. Chini ya mto, sahau. Mtu usingizini anapapasa bila kujijua.

Kombo_Barani

Mzee, kwa heshima, hayo ya sefu ni maneno ya mchana. Watu wako ndani na mapanga, umeme umekatika, wewe unatafuta namba? Na ukiwa umembeba mtoto mkono mmoja, slaidi utaivuta kwa meno?

AskariMstaafu

Kombo, ukiwa umembeba mtoto kazi yako ni kufunga mlango wa chumba, si kupiga risasi. Sefu ya vitufe unaizoesha vidole gizani mpaka namba unaibonyeza bila kuiwaza. Fanya mazoezi bastola ikiwa tupu, na risasi zote zikiwa chumba kingine, si mezani pembeni yako.

BintShela

Naandika kutoka Lamu. Mimi silaha sizijui sana, nyumba za Waswahili nazijua, na naona mnaongea kana kwamba usiku nyumba imelala.

Nyumba zetu hazilali. Kabla ya alfajiri anayekwenda msikitini ameshatoka. Mvuvi anaondoka au anarudi kwa kufuata maji, si saa ya ukutani. Ramadhani ndio usiseme, watu wanazunguka mpaka daku. Mgeni wa kutoka Faza au Mambrui anafika bila kupiga simu na anapewa mkeka sebuleni, wewe mwenye nyumba unalala hujui. Sasa huyo kijana wa kidato cha tatu: mkataze kwenda kutazama mpira uone. Ataruka ukuta, atarudi kwa dirisha la jikoni saa saba ya usiku, taa zimezimwa, tena ananyata usimsikie. Niambie, mwizi ananyata vipi tofauti na hivyo?

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza chemba, zungumzeni nani yuko wapi usiku. Muwe na neno la nyumba. Anayerudi kwa kuchelewa apige hodi, ataje jina, aitikiwe. Anayeamka kuswali awashe taa ya ukumbini, hata ile ndogo ya sola. Na mkubaliane chumba kimoja cha kukimbilia, watoto wanajua, bibi anajua, mlango mzito wenye komeo la ndani. Mkishakuwa humo wote mmehesabiana, simu iko mkononi, 999 au 112, mnapiga kelele majirani waamke. Anayeuvunja mlango huo mnajua si wenu. Anayetembea nje yake mhesabuni ni wenu mpaka sauti yake iseme vingine. Usitoke kwenda kumtafuta kwenye ukumbi wa giza. Achukue televisheni.

Kurunzi iwe karibu na kitanda kuliko bastola. Ya mkononi, si ile inayofungwa chini ya mtutu, maana ukimmulika mama mkwe kwa hiyo umemlenga mama mkwe.

Baharia_Mtulivu

Huyu dada apewe kiti cha mbele.

Wakili_Pwani

Niongeze ya sheria, kwa sababu swali la mke limerukwa.

Cheti ni chako wewe. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, mkeo kukaa na bastola ile wewe ukiwa Mombasa bila cheti chake mwenyewe ni kosa, na wewe uliyemwachia huna salama. Akitaka, aombe kwa Bodi ya Leseni za Silaha kama ulivyoomba wewe, afundishwe, apimwe. Hadi siku hiyo namba za sefu azijue mtu mmoja. Ikipotea au ikiibwa, polisi wajue mara moja, usianze kuitafuta kimyakimya kwa kuogopa aibu.

Kujitetea: Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima nguvu uliyotumia kwa misingi ya sheria ya kawaida ya Uingereza. Kwa lugha ya sokoni, hatari iwe ya wakati huohuo na nguvu yako ilingane nayo. Mtu anakujia na panga umejibana pembeni na watoto, hilo lina utetezi. Mtu ameshatoka, anaruka ukuta na mzigo wako, kisogo kimekuelekea: ukimpiga hapo, atakayesimama kizimbani ni wewe, na mzigo wa dukani hauna thamani ya kesi ya mauaji. Ikitokea umepiga, piga simu polisi wewe mwenyewe, mwombee majeruhi gari la wagonjwa, usisogeze kitu.

Na cheti huhuishwa kila mwaka. Kikipita muda wake, bastola ileile ya halali inageuka haramu ikiwa ndani ya sefu. Mwishoni mwa 2018 wenye silaha wote nchini walipotakiwa kuhakikiwa upya, wapo waliokurupuka kutafuta karatasi zao siku za mwisho.

Kombo_Barani

Sawa, ya kisogo nimekubali. Ya chemba bado.

AskariMstaafu

Kaa nayo, Kombo, huna binti mdogo. Kitu kimoja juu ya "nyuma yake kuna nini". Ukuta wa jiwe unaweza kuizuia risasi ya bastola, au ukairudisha vipande. Mlango wa mbao laini, kioo, mabati ya jiko na ukuta wa udongo wa jirani havizuii. MwenyeDuka, simama mlangoni kwa chumba chenu mchana, nyoosha mkono mtupu, uone mstari unaishia kwenye kitanda cha nani. Kama ni cha mama mkwe, hamisha kitanda.

FundiMadirisha

Watu wa pwani mmesahau chumvi. Hapa chuma kinaliwa ukikitazama. Baada ya kuishika, futa jasho, paka mafuta ya silaha kidogo sana, kitambaa kiwe na unyevu tu. Usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi, ngozi hunywa maji ya hewani na kuyashika. Ndani ya sefu tupia vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishe vikishaloa. Risasi zenyewe usizipake mafuta: yakipenya kwenye fataki ya kitako, siku ya haja itabonyezwa na haitalia.

MwenyeDuka_MLD

Shukran sana nyote. BintShela, jana usiku nilimsomea mama mkwe maneno yako, akacheka, akasema yeye alishamfungulia kijana dirisha hilo zaidi ya mara moja. Mimi sikuwa na habari. Dirisha la jikoni linawekwa grili wiki hii, na kijana amepewa ufunguo wa mlango wa mbele kwa sharti la hodi na jina. Kitanda cha bibi kweli kilikuwa kwenye mstari, kimehamishwa. Mke ataomba cheti chake. Tukinyimwa, basi nikisafiri sefu inabaki imefungwa.

Swali la mwisho kwa FundiMadirisha. Ukuta wangu ni jiwe la matumbawe, na fundi aliyekuja alipiga bolti za kutanuka, jiwe likamong'onyoka. Sefu ikitingishwa inacheza.

FundiMadirisha

Jiwe letu laini, bolti ya kutanuka inalipasua. Toboa tundu kubwa zaidi, pana kwa ndani kuliko mdomoni, lipulizwe vumbi, liloweshwe, kisha jaza zege la saruji nyingi na kokoto ndogo na uizamishe bolti yenye kichwa upande wa ndani. Liache wiki nzima, ukilimwagia maji asubuhi na jioni, ndipo ufunge sefu. Na mwambie fundi afunge nati kutoka ndani ya sefu, si nje.