Resini inabanduka kwenye chuma: shanga, praima au mchanga wa silika?

FundiwaNgamiani · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu, salaam. Nina maabara ndogo ya meno hapa Ngamiani, Tanga. Natengeneza meno ya kuvaa, madaraja na kofia za meno. Kuna jambo limenikaa kooni, naomba tulilinganishe kwa uzoefu wa mikono yenu.

Mama mmoja wa Makorora, muuza mkate wa kumimina, ana daraja la meno matatu, mbele juu. Kiunzi ni kobalti-kromi, na upande wa mbele nilikivika resini (plastiki ngumu) ya rangi ya jino. Haikufika miezi minne, uso wa jino la kati ukabanduka wote kwa pamoja kama ganda la yai la kuchemsha, nyuma yake chuma kitupu kinang'aa. Nikarudishia. Baada ya wiki sita ukatoka tena. Sasa anahudumia wateja kafunika mdomo kwa ncha ya leso, na kila nikipita pale barazani pake roho inaniuma.

Shanga, vile vivimbe vidogo vya chuma vya kushikia resini, sikuweka kwa sababu nafasi ilikuwa finyu, meno ya chini yanagonga karibu sana. Nilikikwaruza chuma kwa jiwe, nikapaka opeka, nikajenga resini juu yake.

Nimebaki na njia nne kichwani. Nianze upya na shanga kama tulivyofundishwa. Au nitumie praima, dawa ya kuunganisha chuma na resini, yenye kemikali ya MDP. Au nitafute mchanga uliovikwa silika pamoja na sileni, dawa ya kuishikisha resini kwenye silika, ile mifumo ya Rocatec na CoJet. Au niachane na resini kabisa nimwombe aende porseleni. Kipi kinadumu, na kipi kinaingia kwenye mfuko wa muuza mkate?

MzeewaFlaski · saa 2:55 usiku

Mwanangu, jibu umelitaja mwenyewe. Opeka si gundi. Opeka ni rangi ya kuficha weusi wa chuma, basi.

Mimi ni mtu wa shanga. Unabandika vile vishanga vya plastiki juu ya nta, vinaungua tanurini, chuma kinachukua umbo lake, resini inaingia chini ya tumbo la shanga na kujifunga. Haihitaji chupa ya dawa inayoharibika kwa joto. Nina madaraja ya hivyo yanatembea Pangani na Muheza mpaka leo, na wenyewe wanatafuna miwa nayo.

Lakini nikueleze na ubaya wake, maana sijaja kuuza. Shanga inakula nafasi. Ukiiweka penye ufinyu, ama jino litatoka limenona, ama chuma kitachungulia kama kivuli. Na la pili, resini imeshikwa, haijagandana na chuma. Kati yao pana upenyo mwembamba usiouona kwa macho. Kwa mzee anayetafuna tambuu, mwaka mmoja tu pembeni pameshaota mstari mweusi mwekundu ambao hakuna mswaki utakaoutoa.

DaktariwaKitini · saa 3:20 usiku

Shikamoo mzee. Umenirahisishia kazi, maana huo upenyo ndio kiini cha mjadala huu.

Fundi, kabla sijachagua nawe njia, nikuulize: lile ganda lililotoka unalo? Ligeuze uangalie mgongoni. Opeka imebaki upande wa resini au upande wa chuma?

Huku unatafuta, niseme habari ya metali, kwa sababu wengi wanauliza "praima gani nzuri" bila kutaja chuma chenyewe. Kobalti-kromi, nikeli-kromi na titani hujivika ngozi nyembamba ya oksidi zikikutana na hewa. Ngozi hiyo ndiyo mlango wetu. MDP ina ncha mbili: ncha ya fosfeti inashika oksidi, na ncha ya pili inaungana na resini pale resini inapoganda. Kampuni ya Kuraray ya Japani ndiyo iliyoileta, na saruji ya Panavia ikatoka nayo mwaka 1983. Huko huko Japani kulikuwa na kemikali ya 4-META, iliyoingia sokoni ndani ya Super-Bond mwaka 1982. Nayo inapenda oksidi.

Dhahabu ni habari nyingine kabisa. Hapa pwani bado nakutana na kofia za dhahabu vinywani mwa bibi zetu, na akija mmoja anataka uso wa rangi ya jino, MDP peke yake haitamfaa, kwani dhahabu haioti oksidi ya kushika. Pale inatakiwa praima yenye salfa, kama VBATDT, kwa sababu salfa hushikana na dhahabu, fedha, paladi na shaba. Kuna chupa zenye vyote viwili, VBATDT na MDP pamoja. Kwa maabara inayopokea metali za kila aina, hiyo ndiyo ningenunua.

FundiwaNgamiani · saa 3:41 usiku

Ninalo, daktari, nimelihifadhi kwenye kikopo. Opeka yote iko upande wa resini. Chuma kisafi kabisa. Na kuna kitu kimenishtua: nikiikwaruza ile opeka kwa ukucha inatoka unga unga.

DaktariwaKitini · saa 3:50 usiku

Basi una matatizo mawili. Chuma hakikushikwa na chochote, na opeka yenyewe haikuiva. Opeka imejaa rangi ya kuzuia mwanga ili chuma kisionekane, na rangi hiyo hiyo inauzuia mwanga wa taa yako usifike chini. Ukiipaka nene mara moja, juu inaganda, chini inabaki mbichi. Paka nyembamba, iivishe, paka tena, iivishe. Tabaka la kwanza likiacha chuma kinaonekana kidogo usihangaike, la pili litaficha.

BintiMkonge · saa 4:15 usiku

Shikamooni wakubwa. Mimi bado nasoma uteknolojia wa maabara ya meno, ila suala hili tumelifanyia mazoezi muhula huu, kwa hiyo naomba niongeze.

Chuma na resini havipanuki sawasawa. Akriliki ya kawaida, ile plastiki ya meno ya kuvaa, hupanuka kwa joto takribani mara tano ya kobalti-kromi. Kwa hiyo kila mama akinywa kahawa ya moto kisha maji ya mtungini, pale kiungoni panavutana. Ndiyo maana maabara za utafiti huwa zinazamisha vipande kwenye maji ya digrii 5 na 55, kwa zamu, maelfu ya mara, kisha ndipo wanapima nguvu. Kipande kilichoshikana vizuri siku ya kwanza kinaweza kuachia chenyewe baada ya hapo. Juu ya hilo, resini inapoganda inasinyaa: mchanganyiko wa unga na kimiminika wa akriliki hupungua ujazo kama asilimia 7. Unaanza na kiungo ambacho tayari kinavutwa.

Kiwango cha kimataifa cha resini za kuvika, ISO 10477, kinadai mshiko wa angalau megapaskali 5. Ni kiwango cha chini, na hapo ndipo opeka iliyopakwa juu ya chuma kilichokwaruzwa kwa jiwe tu inapopata shida.

Kuhusu silika: wazo hilo ni la Ujerumani, Musil na Tiller, mwaka 1984. Walikuwa wanapitisha mwali wa moto unaotandaza silika juu ya chuma, kisha wanapaka sileni. Rocatec ikaja 1989 ikaondoa moto: unapiga mchanga wenye ngozi ya silika, na kishindo chenyewe kinaipachika silika kwenye chuma. Uzuri wake ni kwamba haichagui metali. Dhahabu, titani, kobalti-kromi, zote zinageuka kuwa kitu kama kioo kwa juu, na sileni inakipenda kioo.

MvaajiChumbageni · saa 4:32 usiku

Samahanini, mimi si fundi, ni mvaaji. Nina meno ya kuvaa yenye bamba la chuma juu ya kaakaa, na ile nyama ya pinki inapokutana na chuma pamefunguka. Chakula kinaingia, panatoa harufu, nikisugua haiishi. Mwanangu aliniambia ni uchafu wangu. Je, ni jambo hili hili mnalosema?

DaktariwaKitini · saa 4:40 usiku

Ni hili hili, mama, na si uchafu wako. Akriliki imeachana na chuma, mate na vijidudu vimeingia mahali ambapo mswaki haufiki. Hapo fundi anatakiwa kuiondoa akriliki ya pale pembeni, akipige chuma kwa mchanga unaopulizwa kwa hewa, apake praima, kisha aweke mpya. Na mpaka wa chuma uwe na ngazi ya kona kali ili akriliki iishie ikiwa na unene. Ikiishia nyembamba kama ukingo wa chapati, itanyanyuka tena. Yapeleke kwa aliyekutengenezea, mwonyeshe maneno haya.

SilikaPongwe · Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Nimewasoma usiku, nimengoja kukuche niandike vizuri.

Natumia CoJet, mchanga wake ni wa maikroni 30, na nawaambia kweli kwamba mchanga huo ulinisumbua miezi kadhaa kabla sijajua mbaya ni nani. Resini zilikuwa zinabanduka masika, kiangazi zinatulia. Nikabadilisha sileni, nikabadilisha resini, wapi. Siku moja nikapuliza hewa ya kompresa yangu kwenye kioo kikavu cha kujitazamia. Kikaota ukungu na vidoa vya mafuta.

Hewa yetu ya Tanga ina maji, wakuu. Kompresa inaikamua ile hewa na maji yanabaki kwenye tangi, kisha unayapuliza pamoja na mchanga juu ya chuma unachotaka kiwe kikavu kuliko kitu chochote. Nikafunga kichujio cha maji na mafuta, na kila asubuhi nafungua koki ya chini ya tangi kabla ya kazi. Tangu hapo sijapata ganda mkononi.

Kwa hiyo kwa maoni yangu, Fundi, kugombana praima na silika kabla ya kufanya jaribio la kioo ni kupoteza hela. Silika ni bora kwa anayechanganya metali nyingi, lakini mchanga wake ni ghali, hautumiki mara mbili, na sileni ikishaonekana ya maziwa maziwa kwenye chupa imekufa, itupe. Wewe unafanya kobalti-kromi karibu tupu. Mchanga wa alumina wa maikroni 50 pamoja na praima ya MDP unakutosha kabisa.

Na usiguse kwa kidole baada ya kupiga mchanga. Shika kwa kibano. Jasho la kidole ni mafuta.

MzeewaFlaski · saa 1:40 asubuhi

Hilo la kioo limeniingia. Nitalifanya leo.

Porseleni hamkuigusa, niiseme mimi. Inahitaji tanuru linalovuka digrii 900, na kiunzi kiwe kimechongwa kwa ajili yake tangu mwanzo, na aloi ya kuendana nayo. Ikivunjika mdomoni huwezi kuirudishia kama ilivyokuwa. Ni nzuri, haifubai kwa tambuu, ila si ya kuipachika kwenye kiunzi hiki alicho nacho mama. Angelipa daraja jipya.

FundiwaNgamiani · saa 7:20 mchana

Nimefanya jaribio la kioo. Matone matatu yanaonekana wazi, na utelezi wa mafuta juu yake. Na kweli, huwa nashika chuma kwa vidole nikikikagua kwenye mwanga.

Nimeagiza kichujio kwa fundi wa kompresa, kinafika kesho. Mama wa Makorora nimemwomba aniachie daraja Alhamisi. Nitatoa resini yote, hata ya meno mawili ambayo haijatoka, kwa sababu imelala juu ya chuma kile kile. Nitapiga alumina, praima ya MDP, opeka mara mbili nyembamba. Shanga sitaki, nafasi haipo, ila mzee, nataka nichonge kijifereji kwenye ukingo wa juu karibu na ufizi ili resini iishie na unene. Chuma pale kina milimita moja hivi. Kitastahimili?

MzeewaFlaski · saa 7:48 mchana

Kijifereji cha robo milimita, si zaidi, na usikifikishe kwenye maungio ya meno, hapo ndipo daraja linapobeba mzigo. Njoo nalo kwangu Alhamisi baada ya alasiri kabla hujapiga mchanga. Nina kipimo cha unene wa chuma, tutapima wote wawili.