Gato za kijiti za Noeli: shokola inakuwa kama udongo, mipira inaanguka, munisaidie

mama_batatu_katuba

Yambo yenu bote. Niko hapa Lubumbashi, Katuba, na niko na swali moja ya haraka lakini ndani yake iko tatu. Batoto ba kwaya ku parokia yetu bataimba asubui ya Noeli na mi nilisema nitaleta gato za kijiti, zile ndogo za muviringo bantu banaita kekipopu, moja moja kwa kila mutoto, na batoto ni 60. Nilisema vile juu mwaka ilipita nilileta gato moja kubwa, wakati ya kukata bamoja bakapata kipande yenye krimu yote, bengine bakapata makombo, na katoto kamoja kakalia mbele ya bantu. Ile kilio haijanitoka. Kijiti moja mutoto moja, bote sawa.

Basi jana nikajaribu. Gato yenyewe ilitoka muzuri (unga gramu 250, mayai 4), nikaivunjavunja, nikachanganya na krimu ya margarini na sukari, nikaviringisha mipira 22. Taabu ikaanzia hapo. Ya kwanza, unaingiza mupira mu shokola, unavuta, kijiti inatoka peke yake na mupira inabakia chini ya kikombe. Ya pili, mu shokola nyeupe nilitia kuleri (rangi ya chakula) nyekundu, ile ya maji mu kachupa kadogo, matone tano tu, ikashikana palepale kama udongo wa kufinyanga nyungu, nikaongeza maji nikifikiri italainika, kumbe ndio naharibu kabisa. Ya tatu, mipira saba nikailaza usiku mu konjelateri (friza) ya jirani, asubui nikaivika shokola, zote ziko na ufa na mafuta inatokea mu ile ufa.

Sina furu, napika na sufuria juu ya mbabula na makala juu ya mufuniko. Kuran inakatika kila siku kwetu, siwezi kutegemea frigo. Na imebaki siku 11. Nilikosea fasi gani?

gato_ya_kenya

Yambo mama, pole na shokola yako. Nafanya gato za aniversere hapa Lubumbashi, commune ya Kenya, miaka mingi sasa na hizo taabu zote tatu nilizipitia, zote ziko na dawa.

Nianze na shokola juu njo inakula franga. Shokola ni mafuta, kakao na sukari, maji haina. Ukitia tone mbili tatu za maji, ile sukari na unga wa kakao vinakunywa ile maji na kushikana, mafuta inabaki pembeni, na hapo hata ukorogeshe na nguvu ya namna gani hairudi kuwa ya kuchovya. Kwa hiyo kuleri ya maji hapana kabisa. Tafuta kuleri ya unga au ile ya mafuta, ku soko wauliza wale wanauzisha bintu bya gato, ukisema "ya shokola" banajua. Ile ya unga unaikoroga kwanza na kijiko ya chai ya mafuta ya alizeti njo unaitia. Na usiangalie kuleri peke yake: muvuke pia ni maji. Bakuli ya shokola ikae juu ya sufuria ya maji ya moto bila chini yake kugusa maji, iwe pana kupita sufuria, na ukiiondoa upangushe chini na kitambaa kikavu mbele ya kumimina. Maji isichemke. Mi naitoa kabisa ku mbabula, naweka bakuli juu, shokola inayeyuka pole pole yenyewe. Nyeupe inaungua haraka kuliko nyeusi, ukipita digrii 45 inaanza kufanya mabonge. Kama hauna kipimo, gusa tone na mudomo wa chini: iwe vuguvugu tu, isikuchome.

Ile ilishikana usiitupe. Tia maziwa ya moto kijiko kijiko ukikoroga, itakuwa sosi, na hiyo sosi changanya na makombo ya gato pa fasi ya krimu.

Sasa mipira. Naona ulitia krimu nyingi. Gato ya mayai 4 inaomba vijiko 3 au 4 vya supu, haiombi zaidi. Chukua kidogo, finya mu mukono: ikibaki mupira bila kupasuka na kiganja yako haing'ai mafuta, simama hapo. Na 22 ni chache, mipira yako ilikuwa mizito. Fanya gramu 25 mpaka 30, ukubwa wa mupira ya pingi-pongi, utapata karibu 30 mu gato moja, basi gato mbili zinaenea batoto bako. Kijiti nayo, chovya kwanza ncha yake mu shokola kadiri ya sentimita moja, njo uichome mu mupira mpaka katikati, isitokee ngambo ya pili. Acha ikauke kabisa. Ile shokola ya ncha njo gundi, bila yo mupira haishikwi na kitu.

papa_bel_air

Mama wa Kenya amesema muzuri yote lakini kwa ile sosi ya maziwa sikubali, mama wa Katuba amesema hana frigo ya kutegemea. Maziwa ndani ya gato yenye itakaa siku mbili mu joto na hii mvua ya mwezi wa 12, na ya kupatia batoto 60, hapana. Ile sosi muikule nyumbani siku ileile na mukate. Kwa batoto utumie konfitiri (jamu ya matunda) ku fasi ya krimu, konfitiri iko na sukari ya kutosha haiharibiki upesi, na inashikanisha makombo muzuri sana, vijiko 3 tu.

Ku ile ufa: mupira ukitoka mu konjelateri uko mugumu kabisa. Unauvika shokola, shokola inakauka haraka na kujikaza, alafu mupira ndani unaanza kupata joto na kutanuka, ngozi inakosa fasi inapasuka. Mafuta inatokea palepale. Baridi inayotakiwa ni kidogo tu, mupira uwe mugumu ukiugusa lakini usiwe barafu. Dakika 15 au 20 mu konjelateri zinatosha, au saa moja mu frigo. Kuran ikikatika nunua barafu ya mufuko, itie mu glasieri (boksi ya kutunza baridi), mipira juu yake ndani ya sahani yenye kufunikwa. Mi nafanya vile tangu miaka, na natengeneza usiku saa tatu saa ine, wakati hewa imepoa.

Kitu ingine, geuza paketi ya shokola usome nyuma. Kama ndani iko siagi ya kakao, hiyo ni shokola ya kweli na haitoshi kuiyeyusha tu. Nyeusi unaipasha mpaka digrii 45 hivi, unaipoza mpaka 27, unairudisha 31 au 32, njo itang'aa na kuvunjika "ka!" ukiuma. Bila hiyo itakauka na madoa meupe na itayeyuka mu vidole vya batoto. Kama imeandikwa mafuta ya mimea tu, ile ya bei ndogo, hiyo unayeyusha unachovya basi. Bantu banaidharau lakini kwa hii kazi na hali yetu ya kuran mi nakushauria hiyo. Ikiwa nzito ongeza kijiko ya chai moja ya mafuta ya alizeti mu gramu 200. Mawese hapana, itageuza rangi na harufu.

Na jasho! Bantu banasahau. Hizi resepe zimetoka Marekani, ilikuwa 2008 hivi ule mwandishi wa blogu Bakerella alizieneza, na kule Noeli ni baridi, hewa ndani ya nyumba ni kavu. Sisi Noeli ni mvua. Ukitoa gato mu baridi ukaiweka mezani wazi, maji ya hewa inashuka juu yake, rangi zinatiririka. Itoe ikiwa bado mu boksi yenye kufungwa, acha boksi ipate joto ya nyumba kwanza, njo ufungue.

mama_batatu_katuba

Mungu abariki mikono yenu. Kumbe ni ile ncha ya kijiti! Hakuna video hata moja ilinielezea.

Nimeangalia paketi, ni mafuta ya mimea, basi niko salama. Nitatumia konfitiri ya fraise.

Sasa mapambo. Mu intaneti zote ni mutu wa theluji, nyumba yenye theluji, kofia ya Papa Noeli. Yule mutu wa theluji naona si kazi ngumu, lakini batoto betu theluji bataijulia wapi? Na bijiti nitavisimamisha mu nini bikikauka, hapa sina ile povu nyeupe ya katoni.

dada_nguba

Niko Bukavu, nawasoma tu lakini ku bijiti naweza kusaidia. Sisi tunachukua shina ya mugomba, unakata kipande kirefu kama mukono, unapasua katikati kwa urefu, unalaza upande wa bapa chini, unafunika na plastiki sababu shina ina maji nyingi, alafu unachoma bijiti moja kwa moja. Inashika imara, hata 30 zinaenea ku kipande moja. Kama hamuna mugomba karibu, kopo ya muchanga, au kabichi kubwa. Na kama unatumia bijiti bya kamundele (nyama ya kuchoma ku kijiti) ukate ile ncha kali mbele ya yote, batoto bako wanaimba na kuruka, isije ikaingia mu koo ya mutoto.

Kwa theluji, nazi iliyokunwa na kukaushwa. Unachovya mupira mu nyeupe, inapobakia bichi unanyunyiza nazi, basi. Inapendeza na inaficha makosa yote. Mi sioni ubaya batoto bapate theluji, bananiuliza kila mwaka.

gato_ya_kenya

Papa, ku maziwa una haki, mama fuata yeye.

Mapambo: dada wa Bukavu amesema muzuri, fanya nusu na nazi. Lakini nusu ingine naomba mama ujaribu kitu ya kwetu. Malakiti. Ile jiwe ya kijani ya shaba, kila mutoto wa Lubumbashi ameiona, kama si mukufu wa mama yake basi kale katembo juu ya televizyo ya mujomba. Kijani ni rangi ya Noeli tayari, na mupira mudogo wa malakiti ukisimama ku kijiti, ah, ni kama ile mipira ya kutundika ku muti wa Noeli, lakini ni ya huku.

Inafanyika hivi. Gawa shokola nyeupe mu bikombe bitatu. Moja itie unga ya kijani kidogo sana, iwe kama jani changa. Ya pili tia nyingi, mpaka kijani ya chupa, na ncha ya kisu ya kakao ili rangi iive. Ya tatu acha nyeupe. Ile ya jani changa njo ya kuchovya, ikae mu kikombe chembamba na kirefu, ijae. Chukua kijiko, ile ya giza uimimine juu yake kwa mustari mwembamba ukizunguka, duara mu duara, kama unaandika konokono, alafu mustari moja ya nyeupe katikati ya ile miduara. Usikoroge! Shika kijiti, shusha mupira wima mpaka shokola ifunike na kugusa kijiti, na wakati ya kupandisha zungusha vidole mara moja tu, pole. Utaona yenyewe, ile miduara inapanda na kujizungusha ku mupira, macho macho kama jiwe yenyewe wakati fundi amelikata. Gongesha mukono wa kijiti ku mukono mungine mara tatu ine ili ziada ianguke, kama haukugongesha itateremka na kufanya soksi chini. Kila mipira mitatu ongeza miduara mipya, juu rangi zinaanza kuchanganyika zinakuwa kijani moja tu.

Hakuna inafanana na ingine. Lakini ukubwa ni moja, hakuna mutoto atalia.

mama_batatu_katuba

Narudi na habari. Nilijaribu jana usiku na barafu ya mufuko. Mipira 31, ilianguka mbili tu, na hizo mbili nilijua, sikungoja kijiti ikauke. Ufa hakuna hata moja mpaka sasa hii.

Malakiti ya kwanza tatu zilitoka kijani tupu, nilizungusha sana. Ya ine nikafanya pole kama ulisema, nikaivuta, mama yangu alikuwa amekaa pembeni akaniambia simama, usiguse. Iko na jicho moja kubwa upande, giza, kijani, kamustari keupe, kijani, giza, mpaka chini. Aliishika ku mwangaza ya lampi akaizungusha mara nyingi. Baba yangu alikuwa anachonga malakiti, alikufa mi nikiwa mudogo. Mama hakuikula, aliisimamisha mu gilasi juu ya kabati na iko pale mpaka leo.

Nitafanya zote 60 malakiti. Dada wa Bukavu unisamehe, nazi nitaitia ku za nyumbani.

Imebaki moja tu: nitazifikishaje ku parokia, ni taxi-bus na barabara yetu munaijua.

papa_bel_air

Katoni ya maji ya chupa, mama, ile fupi. Toboa kifuniko na musumari mustari kwa mustari, sentimita sita sita, simamisha bijiti mu matundu, funika na katoni ingine kubwa juu. Bijiti vikigusa chini ya katoni havitachezacheza. Usiziweke mu mufuko ya plastiki iliyofungwa zikiwa na baridi, zitatoka jasho. Na ukae mbele pembeni ya shofere, ubebe juu ya magoti.

mama_batatu_katuba

Katoni nimepata mbili, muuza maji wa hapa ameniwekea. Naanza tarehe 23 usiku.