Naomba ushauri, maktaba ya mtaani kwetu inataka kuuzwa

Asalam aleikum ndugu zangu. Mie niko Unguja mjini, mtaani kwetu kuna jengo la maktaba la zamani, watoto wa skuli ndo wanapodurusu jioni maana majumbani joto na kelele, sasa tunasikia anapewa mwekezaji avunje ajenge fleti, sie tutaachiwa chumba cha chini. Roho inaniuma kwa kweli. New York walifunga maktaba ya Donnell 2008 pakajengwa hoteli, ile mpya ikafunguliwa 2016, ndogo, na sehemu kubwa iko chini ya ardhi! Lakini 2014 watu walipinga mpaka mpango wa kuuza maktaba nyengine ya huko huko, ya Mid-Manhattan, ukaachwa. Sie tuanzie wapi, kwa sheha, kwa mwakilishi au wakili kabisa? Na saini za wazazi zitasaidia? Alopitia haya anambie jamani.